Nimekwenda Muheza na Amani katikati ya masika kuona kama tunaweza kuhamia

Jumanne: Kibaigwa hadi Muheza

Watu wengi wanaokwenda kutazama mahali pa kuhamia huchagua kiangazi, barabara zikiwa kavu na wenyeji wakiwa na nafasi. Mimi nimechagua kuja huku Tanga mwisho wa Aprili kwa makusudi. Kama ni mvua inayonivuta, basi niione ikiwa na nguvu zake zote. Nilale ikinyesha, nipike ikinyesha, nione nguo zangu zinakauka au hazikauki. Baada ya hapo ndipo nitakuwa na cha kusema.

Nieleze kwa kifupi kwa nini nafikiria kuhama. Mimi ni fundi cherehani wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Tangu mume wangu afariki, shamba tulilokuwa tukilima limerudi kwa ndugu zake, nami nimebaki na cherehani na watoto. Ushonaji ungetosha kama mvua ingekuwa inakuja kama inavyotakiwa, kwa sababu wateja wangu wote ni wakulima. Mahindi na alizeti vikinyaukia shambani mwezi wa pili, hakuna anayeleta kitambaa, na yule aliyeleta kabla ya Krismasi haji kuchukua nguo yake. Nina sanduku zima la nguo zilizokwisha kushonwa ambazo wenyewe hawana pesa ya kuzikomboa. Siwalaumu. Nawafahamu kwa majina na naona wanavyohangaika. Ila watoto wangu nao wanataka madaftari na viatu.

Basi lilinichukua Kibaigwa alfajiri, karibu na soko la mahindi. Tulipokuwa tunaiacha wilaya yetu nilikumbuka habari ambayo kila mtoto wa Kongwa hukua akiisikia kwa wazee. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kwetu kulima karanga kwa kiwango ambacho hakuna aliyewahi kukiona. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Ardhi ilikuwa ikikauka inakuwa ngumu kama sakafu, na mvua haikuja kwa kiasi wala kwa wakati waliouhesabia. Walikuwa na fedha, mashine na wataalamu, lakini hawakukaa na mvua ya pale kwanza wakaijua tabia yake. Mimi sina trekta. Nina watoto, na sitaki kuwahamisha kwa kusikia tu kwamba mahali fulani kuna neema.

Gairo, Dumila, Morogoro, Chalinze. Nikabadilisha basi Chalinze. Baada ya daraja la Wami wingu likaanza kushuka, na tulipopita Mkata na Kabuku mvua ilikuwa imeshika kwelikweli, konda akawa anahimiza watu wafunge madirisha. Segera, magari ya Moshi na Arusha yakaendelea mbele na sisi tukakata kulia. Kuanzia hapo ni mkonge, mistari na mistari, hadi macho yanachoka. Mkonge wenyewe si mwenyeji wa Tanga. Mjerumani Richard Hindorf aliuagiza mwaka 1893, na katika miche 1,000 iliyosafirishwa ni 62 tu iliyofika Pangani ikiwa hai. Nilipoiangalia ile mistari dirishani nilipata moyo kidogo.

Muheza nilifika giza linaingia. Mwenyeji wangu ni dada mmoja wa kabila la Wabondei aliyekuwa akileta machungwa Kibaigwa miaka ya nyuma, ndiko tulikofahamiana. Alinisubiri stendi na mwavuli mkubwa na ndala mkononi. "Vua hivyo viatu, shoga, huku havitakufaa." Nikavua.

Jumatano: Muheza mjini

Imenyesha usiku kucha. Kwetu mvua ikipiga bati watu huamka wakafurahi, watoto wakatoa ndoo. Hapa hakuna aliyegeuka kitandani.

Asubuhi tulikunywa chai kwa shelisheli la kuchemsha, kisha tukatoka kuzunguka. Nilitaka kuwaona mafundi wenzangu, na nashukuru nilianza nao. Kwenye baraza moja karibu na soko kuna mama mtu mzima ambaye ameshona hapo tangu ujana wake. Nilimwamkia, nikamwambia ukweli wote: natoka Dodoma, ni fundi, nafikiria kuja. Nilitegemea aninunie, maana ningekuwa mshindani wake. Badala yake alinivutia kigoda.

"Kaa mwanangu. Kazi ipo. Lakini tazama kwanza hiki." Akafungua kabati, akatoa suruali nyeusi ya mteja aliyechelewa kuichukua. Kwenye mikunjo palikuwa na madoa ya kijivujivu, laini kama unga uliopepetwa, na nilipoinusa ilinuka chumba kilichofungwa. Ukungu. Ilikuwa safi ilipoingia kabatini. Akanieleza taratibu zake. Nguo nyeusi na za sufu hazikunjwi, zinatundikwa. Mlango wa kabati haufungwi mchana. Mkaa wa pasi unawekwa ndani kwenye debe lenye mfuniko, kwa sababu mkaa ulionyonya unyevu hutoa moshi na moshi huharibu kitambaa cheupe. Mafuta ya cherehani unatia mara mbili ya unavyotia kwenye nchi kavu, na sindano huziachi nje ya kikopo. Niliandika kila neno.

Kisha nikamuuliza swali lililonileta: wateja wanalipa lini? Akasema wanalipa mwaka mzima, kidogo kidogo. Kuna pesa ya machungwa. Kuna pesa ya viungo vinavyoshuka kutoka Amani, yaani iliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga. Kuna wanaolipwa mshahara kwenye mashamba ya mkonge, kuna walimu, kuna wauguzi wa hospitali ya Teule. Halafu mvua zenyewe ni mbili: masika kuanzia mwezi wa tatu hadi wa tano, na vuli kuanzia wa kumi. Mkulima aliyekosa kwenye moja hujaribu kwenye nyingine.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti iliyopo kati ya huku na kwetu, na si wingi wa maji peke yake. Sisi Kongwa tuna msimu mmoja, na ukiharibika umeharibika kwa kila mtu, kwa fundi, kwa muuza duka na kwa mwenye mashine ya kusaga. Hapa hasara haiwakuti watu wote siku moja.

Ila akanipa na jambo jingine la kufikiria. "Unajua kukata kanzu?" Sijui vizuri. Nimeshona sare za shule na magauni ya kwaya maisha yangu yote. Huku Idi mbili ndizo zinazomlisha fundi, na kanzu yenye darizi shingoni haifundishiki kwa siku moja. Amesema nikija atanikalisha pembeni yake nijifunze.

Alhamisi: kupanda Amani

Mwenyeji wangu alisisitiza nisiishie mjini. Baba mkwe wake anaishi Shebomeza, karibu na Amani, na huko ndiko watu wanakosema ardhi inaotesha hata kijiti cha mwavuli. Tulipanda gari la abiria lililojaa magunia matupu, wenyewe wakirudi kwao kuyajaza.

Hadi Sigi safari ilikuwa ya kawaida. Pale pana nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni, iliyobaki tangu Wajerumani walipokuwa na reli ndogo ya kutelemsha magogo, na ndipo lilipo lango la hifadhi. Baada ya Sigi ni kona na mlima. Udongo mwekundu umelainika, dereva anapanda kwa gia ya kwanza, maji yanakatiza barabara kutoka kila upande. Sijawahi kuona miti mirefu namna ile. Abiria wenzangu walikuwa wanasinzia na mimi nimeshika chuma cha siti kwa mikono miwili.

Amani yenyewe ni mahali penye historia ndefu ya watu waliokuja kupanda vitu vigeni waone kama vitaota. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha hapa taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, wakaleta miti na viungo kutoka pande nyingi za dunia. Majengo yao bado yapo, na bustani ipo. Baadaye utafiti wa malaria ndio uliolipa jina hili sifa, na Kituo cha Amani cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu kinalitumia hadi leo.

Mzee alitupokea barazani amejifunga blanketi. "Shikamoo babu." "Marahaba, marahaba, karibu mjukuu wangu. Umeileta mvua au umeifuata?" Nikamwambia nimeifuata.

Ijumaa: Shebomeza

Nianze na namba, maana nimezifikiria sana. Dodoma hupata wastani wa kama milimita 570 za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Amani hupata karibu milimita 2,000. Na si masika na vuli peke yake. Mzee anasema hata mwezi wa saba, wakati wa mchoo, ukungu unakaa na manyunyu hayakatiki.

Leo nimeona maana ya namba hizo ndani ya nyumba. Nguo niliyofua jana jioni ilikuwa nzito vilevile asubuhi. Chumvi imeloa kwenye chombo. Kuni zinapangwa juu ya mafiga ili zikauke kwa moto wa kuni zilizotangulia. Mahindi yako darini juu ya jiko, yameiva rangi kwa moshi. Nilimuuliza bibi wa nyumba kwa nini hawayaweki ghalani kama sisi, akasema yakishuka huko yanaota kuvu ndani ya wiki. Hilo lilinigusa, kwa sababu mwaka 2016 mikoa yetu ya Dodoma na Manyara ilizika watu kwa sumukuvu, na sisi ndio nchi kavu. Kama kwetu tuliweza kudhurika kwa mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, huku mtu hana ruhusa ya kuzembea hata kidogo.

Mchana mzee alinipeleka kuona iliki. Ameiotesha kwenye shamba lake mwenyewe, chini ya kivuli, majani marefu kuliko mimi, na matunda yake yako chini kabisa kwenye shina. Unainama, unapekua majani makavu, unachuma moja moja. Vidole vyangu vilinukia hadi usiku. Jikoni ana uchaga wa fito juu ya moto mdogo, na iliki imetandazwa hapo siku hizi zote ambazo jua halijatoka. Alichukua punje mbili akaniwekea kiganjani: moja ya kijani iliyofifia, aliyoianika mwezi wa pili, na nyingine ya hudhurungi, ya moshi. "Hii ya jua mnunuzi haibishii. Hii ya moshi anaikatia bei, na ana haki, maana chai yake inanukia jiko. Sisi huku tunaomba jua, mjukuu wangu. Jua la siku nne tu." Nilisimama na zile punje nikifikiria makanisa yetu yanavyokesha kuombea mvua.

Pilipili manga nayo ni hivyohivyo, inataka jua ikishachumwa. Mdalasini ndio uliofurahia mvua, kwa sababu gome linabanduka vizuri mti ukiwa umejaa maji.

Habari ya ardhi ndiyo iliyonirudisha chini. Kutoka kwenye gari jana nilikuwa naona kijani kila upande nikajiambia, nchi tupu hii, inangoja mtu. Si tupu. Mwenyekiti wa kijiji alikaa nasi jioni akanielewesha bila kunificha. Msitu ule ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyoanzishwa mwaka 1997, hakuna kulima humo, wala kupanda iliki chini ya miti yake kama wazee walivyofanya zamani. Ile mistari ya kijani iliyochongwa sawasawa upande wa Kwamkoro ni mashamba ya chai. Kinachobaki ni vipande vya wanavijiji wenyewe, na vijana wao wanavingoja. Mgeni anaweza kuomba. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 maombi yanapelekwa kwa halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji unaamua. Akanionya nisije nikamlipa mtu kwa siri kwa karatasi ya kuandikiana wawili, hata kama ni mtu mwema, kwa sababu kijiji hakitaitambua.

Nilimshukuru kwa dhati. Na naona ni haki kwamba msitu ule usiguswe. Mto Zigi unatoka milima hii, na maji yake ndiyo yanayojaza bwawa la Mabayani yakaenda kwenye mabomba ya jiji la Tanga. Mimi ninayetoka mahali ambapo mama anaamka saa tisa usiku kupanga foleni kisimani sitataka kuwa miongoni mwa wanaokata chanzo cha maji cha watu wengine.

Jumamosi: kushuka

Gari lilikwama mara tu tulipoanza mteremko, tukashuka wote, wanaume wakasukuma na wanawake tukatafuta mawe. Hakuna aliyelalamika. Nilimuuliza msichana mmoja mjamzito anafanyaje siku ya kujifungua ikiangukia masika. Akasema wajawazito wa juu huteremka mapema wakakaa kwa ndugu Muheza. Mwenye ndugu, basi. Hilo nimeliweka kwenye mizani pamoja na iliki na kila kitu kizuri nilichokiona huko.

Jumapili: kanisani

Mimi ni Mwanglikana, na sikutegemea kujisikia mgeni kwenye kanisa langu. Huku walioleta Uanglikana ni wamisionari wa UMCA, ambao kituo chao cha Magila, hapa Muheza, kilianza katika karne ya 19. Kwetu waliouleta ni CMS, shirika jingine la wamisionari. Basi hapa wanaita misa, pana kengele, pana ubani mwingi, na watu wanapiga goti mahali ambapo sisi tunasimama. Nyimbo zilikuwa zilezile, nikaimba kwa sauti. Baada ya misa akina mama walinizunguka wakataka kujua nimefikia kwa nani na nina watoto wangapi. Mmoja akauliza kama nashona sare za kwaya. Nilijibu ndiyo kabla hajamaliza sentensi.

Jumatatu: Tanga

Nilikwenda jijini kuulizia bei za vitambaa na kuona kama afadhali nihamie huko moja kwa moja. Ngamiani ina mitaa inayoitwa kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, na kuendelea, kwa hiyo hata mgeni hapotei. Baiskeli ni nyingi kuliko nilizoziona mji wowote. Mafundi wapo kila baraza, na kazi zao ni nzuri mno, kanzu na magauni ya harusi ambayo mimi sasa hivi siyawezi. Chakula cha mchana nilikula bada kwa samaki karibu na soko la Mgandini. Bada, yaani ugali wa muhogo, ni nyeusinyeusi na inavutika, nikaikumbuka mlenda ya nyumbani, ingawa hazifanani kwa ladha hata kidogo.

Kila niliyezungumza naye alitaja Chongoleani, ambako bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia. Wageni wanakuja kwa matumaini hayo. Lakini mimi naogopa kuupanga mwaka wangu juu ya kazi ya mradi, kwa sababu mradi una siku ya kumalizika, na kodi ya chumba haina.

Jumanne: kabla ya basi

Nimezungumza na watoto kwa simu, nikazungumza na mama yangu. Nimewaeleza mabaya kwanza: ukungu wa nguo, malaria ambayo itabidi tulale kwenye chandarua kila usiku bila kukosa, matope, mahindi ya kunukia moshi. Mama aliuliza swali moja tu, kama watu wa huku wanasalimiana. Nikamwambia wanasalimiana mpaka unachelewa unakokwenda.

Mlimani hatutahamia. Amani ni pazuri kuliko mahali popote nilipowahi kulala, lakini ardhi ya pale ni ya wenyewe, na mama mwenye watoto na asiye na ndugu hapaswi kuwa upande wa juu wa barabara ile masika yakishika. Jijini nako ni mapema, sijawa fundi wa kushindana na Ngamiani. Ni Muheza mjini, kwenye pesa inayoingia kidogo kidogo mwaka mzima, karibu na hospitali na karibu na yule mama wa baraza.

Tutahama kwa hatua. Mtoto wangu mkubwa ana mtihani wa kidato cha nne Novemba, simhamishi. Atabaki na bibi yake hadi amalize. Mimi nitatangulia mwezi wa nane, kabla ya vuli, nijifunze kanzu, kisha wadogo waje na barua zao za uhamisho shule zikifunguliwa Januari. Ile akiba ya nguo sandukuni nitawarudishia wenyewe kabla sijaondoka, watakaoweza kulipa walipe.

Shoga yangu nimemwachia kazi ya kunitafutia chumba. Nimemwambia kiwe na sakafu iliyoinuliwa kuliko barabara, madirisha mawili yanayotazamana ili upepo upite, na baraza pana ya kutosha cherehani na meza ya kukatia bila kurushiwa maji. Kodi tutaongea na mwenye nyumba nikiwepo mwenyewe. Cherehani ya kwanza nitaituma kwa basi wiki moja kabla yangu, imefungwa kwa nailoni, kichwa kimepakwa mafuta.